Chai ya majani ya mchungwa na mlimao: namna ya kuiandaa nyumbani, na mahali inapoishia

Mwezi wa saba Dodoma hupiga upepo ambao mgeni kutoka Dar es Salaam huwa hakuja na nguo za kuukabili. Saa kumi alfajiri, ninapofunga mlango hapa Nkuhungu kuwahi kipindi cha asubuhi, nakuwa na sweta, kitenge juu ya sweta, na chupa ndogo ya chai mkononi. Ni msimu huo ambao ujumbe wa wasikilizaji wetu hubadilika. Kuanzia Januari watu huuliza mvua, mahindi na uwele. Ikifika Juni wanauliza kikohozi, mafua na kitu cha moto cha kunywa. Na kila mwaka, bila kukosa, kuna anayeuliza: "Dada mtangazaji, ni kweli majani ya mchungwa yanachemshwa chai? Na yanatibu nini?"

Swali la kwanza ni rahisi, na lina raha yake. Swali la pili ndilo lililowahi kunitia aibu, na nitasimulia huko mbele ilikuwaje. Tuanze na kikombe.

Kwanza tuelewane majina, maana hapa watu huchanganya. Hatuzungumzii chai ya limau, ile ya rangi ambayo unakamulia tunda juu yake. Wala hatuzungumzii mchaichai, ambao ni nyasi, ingawa unanukia kama limau kwa sababu maalumu nitakayoigusa. Tunazungumzia majani ya miti yenyewe: mchungwa, mlimao, mndimu, mchenza. Unayachuma, unayaosha, unayatia kwenye maji ya moto, basi.

Kwa kizazi cha mama zetu, chai hii haikuwa ya afya wala ya kupunguza kitambi. Ilikuwa chai ya siku majani ya dukani yameisha na hela haipo. Nakumbuka nikiwa darasa la nne, wageni wamekuja ghafla, mama akanituma nyuma ya nyumba nikachume majani ya mlimao huku akininong'oneza nisipite mbele ya wageni. Waliinywa, wakaisifia, wakauliza ni majani ya kampuni gani. Mama akasema, "Ni ya kawaida tu." Leo chai ya namna hiyo inauzwa kwenye hoteli za mjini kwa jina la "chai ya mimea" na bei inayozidi sahani ya wali maharage. Sina ugomvi na wenye hoteli. Nasema tu kwamba mwenye mti nyuma ya nyumba asione haya.

Na kwa kweli mti wa chai wenyewe ni mgeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliujaribu katika kituo chao cha utafiti wa kilimo kule Amani, milima ya Usambara Mashariki. Amani iko wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na Muheza hiyohiyo ndiko yanakotoka machungwa mengi tunayoyaona yamepangwa mafungu sokoni Majengo.

Harufu inakaa wapi

Chuma jani moja la mlimao uliokomaa, lielekeze kwenye jua, litazame kwa chini. Utaona nukta nyingi ndogo zinazopitisha mwanga, kana kwamba mtu amelitoboa kwa ncha ya sindano. Hayo si matundu. Ni vifuko vya mafuta. Ukilivunja jani, vifuko vinapasuka na harufu inatoka. Kitu pekee unachofanya unapoandaa chai hii ni kuyatoa mafuta hayo kwenye vifuko na kuyafanya yabaki ndani ya kikombe, yasiruke na mvuke.

Mafuta hayo hayafanani kutoka mti mmoja hadi mwingine. Jani la mlimao lina kemikali iitwayo sitrali, na hiyohiyo ndiyo imejaa kwenye mchaichai. Ndiyo maana pua yako inavihesabu kuwa ndugu wakati kimoja ni mti na kingine ni nyasi. Jani la mchungwa ni pole zaidi, lina harufu inayokaribia ya ua. Kuna aina ya mchungwa mchungu ambao majani na vijiti vyake hukamuliwa mafuta ya manukato, na nchi ya Paragwai imekuwa ikiyauza duniani kwa miaka mingi. Huko Meksiko na kwingineko Amerika ya Kilatini, chai ya majani ya mchungwa ni kinywaji cha jioni cha kumtuliza mtu kabla ya kulala. Kwa hiyo mama yangu hakuwa peke yake.

Kutambua jani kuna ufundi mdogo. Tazama kikonyo, pale jani linapoungana na tawi. Miti mingi ya jamii hii ina kijani kidogo cha pembeni kwenye kikonyo, mfano wa mabawa. Kwenye mbalungi mabawa ni mapana, utadhani jani dogo limebeba jani kubwa. Kwenye mchungwa wa kawaida ni membamba. Kwenye mndimu ni madogo, na kwenye mlimao karibu hayapo kabisa. Ukishajua hilo hutababaishwa na mtu anayekuuzia jani la mti usioujua. Na kama hujui kabisa ni mti gani, usichemshe. Harufu ya limau peke yake haitoshi kuwa kitambulisho.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi wa Nkuhungu, Chang'ombe na Kizota walionunua miche barabarani. Msikilizaji mmoja aliniandikia kwamba mchungwa wake una "mashetani": upande mmoja majani yananukia chungwa, upande mwingine yananukia limau na yana miiba mirefu. Hakuna shetani. Michungwa mingi inayouzwa imebebeshwa, yaani kikonyo cha mchungwa mtamu kimeunganishwa juu ya shina la mlimao, kwa kuwa mlimao una mizizi imara. Shina hilo la chini likipata nafasi hutoa machipukizi yake, na hayo ni mlimao kamili. Ukiyaacha, yananyang'anya chakula mpaka mchungwa wa juu unadhoofu. Mtaalamu wa bustani atakuambia uyakate, nami nasema yakate halafu yatie kwenye sufuria. Ni mara chache sana kazi ya kupogoa mti inalipa kikombe cha chai siku hiyohiyo.

Mti upi uchume, upi uuache

Dodoma hatuko Muheza. Sisi tunapata mvua kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu miezi saba ya ukame. Mchungwa hauwezi kuishi hapa kwa mvua pekee. Ukiuona umesimama kijani mwezi wa kumi, ujue kuna mtu anaubebea maji. Na wengi tunaubebea maji tuliyofulia. Naelewa, maji ni ghali na ndoo ni nzito. Lakini miti hii haipendi chumvi, na maji ya visima vyetu yana chumvi tayari, ukijumlisha na ya sabuni ya unga udongo unajaa. Dalili utaiona kwenye ncha za majani: zinakuwa za kahawia, kama zimeunguzwa na pasi. Jani la namna hiyo si sumu, ila chai yake haina utamu wowote. Maji ya kusuuzia nguo ni afadhali kuliko ya povu la kwanza.

Jambo zito zaidi ni dawa za wadudu. Majani machanga ya jamii hii hushambuliwa sana. Kuna kidomozi, ambaye huchora njia nyeupe za kupindapinda ndani ya jani kama ramani ya mto. Kuna vidukari wanaotoa utomvu mtamu, na juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Kuna kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye baadaye anakuwa kipepeo mzuri mno wa rangi nyeusi na njano. Mwenye mti akiona hayo, anakwenda duka la pembejeo, ananunua kichupa, anapuliza.

Sasa sikiliza vizuri. Baadhi ya dawa hizo hukaa juu ya jani, lakini nyingine hufyonzwa na kuingia ndani ya mmea, na hizo hata ukiosha jani kwa maji ya chumvi mara tatu hazitoki. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kwa kawaida huhesabiwa kwa ajili ya tunda, ambalo utalimenya. Hakuna aliyeandika lebo akimfikiria mtu atakayechemsha majani. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mti uliopulizwa dawa msimu huu siuchumi, hata kama ni wangu. Mti wa jirani namuuliza kwanza, siyo kwa adabu tu, bali kwa sababu yeye ndiye anayejua alipuliza nini. Mti ulio ukingoni mwa barabara ya vumbi, magari yakipita kutwa, nao nauacha.

Unapochuma, chukua majani yaliyokomaa, ya kijani kibichi kilichoiva, magumu kidogo, yasiyo na michoro wala masizi. Majani machanga laini yanalegea kwenye maji ya moto na kuleta ladha ya mchicha mbichi. Usivue tawi zima. Jani la mti huu linaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja likiutunzia mti chakula, kwa hiyo mti mdogo ukiuvua nguo utakusamehe polepole sana. Matatu hapa, matatu pale, inatosha.

Jikoni

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kwa chai ya majani dukani tofauti hiyo huisikii sana. Kwa majani ya mchungwa inakufaa, kwa sababu adui wa chai hii ni moto mwingi. Tatizo letu kubwa ni maji yenyewe. Angalia ndani ya birika lako: ule utando mweupe mgumu ni madini ya maji yetu, na yanafifisha harufu nyepesi. Ukiwa na maji ya mvua uliyokinga vizuri, baada ya mvua za mwanzo kusafisha bati, hayo ndiyo ya chai hii. Yachemshe barabara kama maji mengine ya kunywa.

Kwa watu wanne, chukua lita moja na robo ya maji. Majani ya mchungwa 12 hadi 15, au ya mlimao manane, maana mlimao una nguvu. Yaoshe moja moja kwa vidole, pande zote mbili, kwa kuwa vumbi letu hujificha kwenye mshipa wa kati. Ondoa kikonyo. Kisha yafikiche kwa mkono au yachane vipande viwili vitatu. Usiyasage kwenye blenda. Yakisagika yanatoa uchungu.

Chemsha maji peke yake. Yakitokota, epua. Sasa ndiyo utie majani, na ufunike mara moja kwa mfuniko unaobana. Subiri dakika saba mpaka kumi. Nasisitiza mfuniko kwa sababu hapo ndipo wengi wanakosea: wanachemsha majani nusu saa, sufuria wazi, nyumba nzima inanukia vizuri, jirani anauliza mnapika nini, halafu kikombeni hakuna kitu ila maji machungu ya rangi ya kijani. Harufu yote wamewapa ukuta na dari.

Rangi yake haiwi nyekundu. Inakuwa ya njano iliyofifia au kijani hafifu. Mgeni asiyeijua atadhani umemnyima majani. Mwache anuse kwanza.

Wenye chupa ya chai wana njia rahisi zaidi: tia majani yaliyofikichwa ndani ya chupa, mimina maji ya moto, funga, ondoka. Mimi hufanya hivyo usiku kabla ya zamu, nikiamka namiminia kwenye chupa ndogo kupitia chujio. Onyo dogo la kinyumbani: chupa ikishanukia mlimao, chai ya maziwa ya kesho itanukia mlimao. Tenga chupa ya kazi hiyo.

Ukitaka tangawizi, ndiyo ianze kuchemka, dakika kumi hivi, kisha uepue na kutia majani mwisho. Wanaofanya kinyume wanaua majani kwa ajili ya tangawizi. Karafuu moja inatosha kwa sufuria nzima. Mbili zinameza kila kitu. Iliki na mdalasini nimejaribu, na kwa maoni yangu ni bora vibaki kwenye chai ya maziwa. Halafu kuna swali ninaloulizwa sana: "Maziwa hayatakatika?" Hayakatiki. Kinachokata maziwa ni asidi ya tunda, na jani halina asidi hiyo ya kutosha. Unaweza kabisa kutia majani mawili ya mchungwa kwenye chai ya maziwa ya kawaida wakati wa kuepua. Lakini ukikamulia na limau hapohapo, umetengeneza mtindi.

Sukari ni hiari yako, ila jaribu kwanza bila, kwa sababu jani la mchungwa lina utamu wa puani ambao sukari huufunika. Ile sukari ilipopanda bei mwanzoni mwa 2024, nyumba nyingi zilijikuta zinazoea kijiko kimoja badala ya vitatu, na wengine hatukurudi nyuma. Asali ya Singida au ya Manyoni inakwenda vizuri sana na mlimao. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kuonja. Inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa kulegea misuli.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto linapokuja na vumbi lake, iache ipoe, itie kwenye mtungi au friji, uinywe baridi siku hiyohiyo. Iliyolala nje mpaka kesho imwage.

Kukausha kwetu ni rahisi kuliko mikoa ya pwani, kwa kuwa hewa yetu ni kavu. Osha, futa maji, tandaza kwenye ungo ndani ya chumba chenye hewa, kivulini, siku nne au tano mpaka jani linavunjika likikunjwa. Jua kali linaunguza rangi na harufu. Hifadhi mazima kwenye kopo lenye mfuniko mbali na jiko, uyavunje siku ya kutumia. Ya mchungwa hukauka vizuri. Ya mlimao, kwangu mimi, hupoteza nusu ya utu wake yakikauka, kwa hiyo hayo nayanywa mabichi.

Inatibu nini?

Sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye kipindi cha asubuhi, ulikuja ujumbe mfupi wa msikilizaji: majani ya mlimao yanashusha presha, yeye amepona. Niliusoma hewani. Nikacheka, nikasema "tumeshapata dawa ya bure", nikaweka muziki. Sikuongeza neno. Kwangu ulikuwa ujumbe wa thelathini asubuhi ile.

Kama miezi miwili baadaye nilikuwa nimesimama na mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, analea wajukuu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa furaha. "Mwanangu, nilikusikia redioni. Vile vidonge vyangu vya presha nimeviacha, sasa nakunywa ile chai yako." Alisema chai yako. Nilimwomba twende zahanati saa ileile. Namba ya juu ilikuwa imevuka 190. Yeye mwenyewe alikuwa hajisikii chochote, anatembea, anatania, amebeba kapu. Muuguzi alipouliza nani alimwambia aache dawa, mama yule alinitazama, na mimi nikatazama sakafu.

Presha ndivyo ilivyo. Kipimo cha 140 kwa 90 kwenda juu, kikirudiwa siku tofauti, kinahesabiwa kuwa cha juu, na mara nyingi mwenye nacho hana dalili hata moja mpaka siku ya kiharusi. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa chai, akajisikia vizuri, akaamini amepona. Kujisikia vizuri hakupimi presha. Mashine ndiyo inapima.

Je, majani ya mchungwa na mlimao hayana lolote? Siyo hivyo. Wanasayansi wameyachunguza. Ila utafiti mwingi ni wa maabara na wa panya, na mara nyingi hutumia mafuta yaliyokamuliwa au dondoo nzito, vitu ambavyo kikombe chako na majani yake manne hakiwezi kuvifikia. Kutoka hapo mpaka kumwambia mama aache vidonge ni safari ndefu, na hakuna aliyeimaliza. Tanzania ina watu wa kufanya kazi hiyo: Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo tangu 1974, na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya 2002. Anayekuuzia pakiti ya majani akidai inatibu presha, kisukari na UTI kwa pamoja, muulize usajili wake kutoka Baraza.

Kuna watu wanaotumia dawa ambao wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Tunda la balungi linajulikana kugongana na baadhi ya dawa, zikiwemo nifedipini ya presha na simvastatini ya mafuta kwenye damu. Linafanya dawa ibaki nyingi mwilini kupita ilivyokusudiwa. Jani si tunda, lakini mwenye vidonge vya kila siku asichume mbalungi, na kwa haya mengine amwambie mhudumu wa afya kwamba anakunywa. Wajawazito wasiyafanye kinywaji cha kutwa bila kuuliza kliniki.

Vitamini C nayo inasemwa sana. Iko kwenye tunda. Ukiitaka, kula chungwa lenyewe. Chai ya majani haitakupa ya kutegemea.

Inachokupa kweli ni kimiminika cha moto, na hilo si dogo. Koo linalowasha hutulia kwa kinywaji cha moto, pua iliyoziba hufunguka kidogo kwa mvuke wa kikombe, na mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai isiyo na sukari hajanywa soda tatu. Anayekosa usingizi kwa sababu ya chai ya rangi ya saa tatu usiku atafaidika kubadilisha, kwani haya hayana kafeini kama ile ya chai ya dukani. Mafua ya kawaida yataisha yenyewe kwa siku kadhaa, na chai itakuwa imekufariji njiani.

Lakini kikohozi kilichofika wiki mbili si cha chai. Nenda kapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mtoto mwenye homa si wa chai. Afikishwe kituo cha afya ndani ya siku hiyohiyo apimwe malaria, maana dawa inayoanza ndani ya saa 24 na inayoanza siku ya nne si dawa moja kwa mtoto mdogo. Kinachoniogopesha kuhusu chai hii ni kwamba ni nzuri. Ingekuwa mbaya, isingemchelewesha mtu.

Na kuhusu kujifukiza, ambako wengi tulikurudia 2020 wakati wa korona, majani ya mlimao, mkaratusi na mchaichai yakiisha kwenye miti ya watu: mvuke hufungua pua, sibishi. Ila sufuria la maji yanayotokota chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri. Mtu mzima na akae mbali na sufuria, liwe limewekwa sakafuni mahali tambarare, na mtoto asiingizwe kabisa.

Baada ya siku ile ya zahanati niliomba dakika mbili mwanzoni mwa kipindi, nikasema hewani kwamba nilisoma ujumbe ule bila kuuhoji na kwamba si kweli. Simu zilizoingia zilikuwa nyingi kuliko za kawaida. Watu kadhaa walisema na wao walikuwa wameacha vidonge. Sijui ni wangapi walisikia ujumbe wa kwanza na hawakusikia wa pili.

Mama yule bado ni jirani yangu. Vidonge anameza asubuhi kwa maji matupu, daftari lake la kliniki anaonyesha kila anayeuliza, na chai anakunywa jioni, ya majani ya mchungwa, na kijiko kimoja cha asali. Juzi nilimpelekea kikombe cha mti wangu aonje. Akanusa, akanywa kidogo, akaniuliza kama bado naumwagilia maji ya kufulia. Nikakubali. "Unasikika," akasema, akanirudishia kikombe.